Kutoka "Free" hadi "Sina Mali, Sina Deni": Uimbaji Upya, Ufasiri na Kiswahili cha Mwambao wa Burundi

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi wimbo usiopata nafasi kubwa katika lugha yake ya kwanza unavyoweza kupata uhai mpya unapoimbwa upya katika lugha nyingine. Mfano mkuu ni "Sina Mali, Sina Deni" wa Khadja Nin, mwimbaji mzaliwa wa Bujumbura, uliotolewa mwaka 1996 ukiwa ni uimbaji upya wa "Free" wa Stevie Wonder wa mwaka 1987. Uchambuzi unajikita katika anwani ya Kiswahili ya wimbo huo, na unaongozwa na mkabala wa Peter Low kuhusu tafsiri ya nyimbo. Makala inadai kwamba mfasiri hakutafuta kisawe cha neno "huru", bali alitafuta hali ya maisha ambayo wazungumzaji wa Kiswahili huitambua kuwa ni uhuru. Hali hiyo inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kutoka Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya biashara, mkopo, ukimbizi na kurejea. Kwa kulinganisha wimbo huo na "Malaika" pamoja na ngoma za Burundi zilizotumiwa katika muziki wa Ulaya, makala inahitimisha kwamba kila uimbaji upya huzaa deni, na kwamba thamani yake hupimwa pia kwa namna deni hilo linavyokiriwa.

1.0 Utangulizi

Nyimbo husafiri kuliko waimbaji wake. Wimbo unaweza kurekodiwa katika mji mmoja, ukasikika kwa muda mfupi, ukawekwa kando, kisha ukainuliwa na sauti nyingine miaka mingi baadaye. Kitendo cha mwimbaji kuchukua wimbo uliokwisha kurekodiwa na mwenzake, akaurekodi tena kwa sauti na mtindo wake, kinaitwa katika makala hii uimbaji upya. Uimbaji upya unaweza kubaki katika lugha ileile, na unaweza pia kuhamia lugha nyingine. Katika hali hii ya pili unakuwa vilevile tendo la ufasiri.

Tafiti za ufasiri katika Afrika Mashariki zimeshughulikia kwa upana maandiko ya dini, tamthilia, riwaya, sheria na istilahi za sayansi. Nyimbo za kisasa zimepewa nafasi ndogo zaidi, ingawa ndizo maandiko yaliyofasiriwa ambayo watu wengi huyapokea bila kujua kwamba yamefasiriwa. Msikilizaji husema "wimbo wa fulani" akimtaja aliyemsikia, wala hana sababu ya kushuku kwamba nyuma ya sauti hiyo kuna sauti nyingine.

"Sina Mali, Sina Deni" ni mfano mzuri wa hali hiyo. Wimbo huu umefungamana na jina la Khadja Nin kiasi kwamba asili yake ya Kimarekani si jambo linalomjia msikilizaji akilini. Swali linaloongoza makala hii ni: ni nini katika Kiswahili kilichouwezesha wimbo huo kuonekana kama uliozaliwa humo? Ili kulijibu, makala inaanza na mazingira ya Kiswahili katika mwambao wa Burundi, inaeleza safari ya wimbo, inachambua anwani yake, kisha inaulinganisha na kazi nyingine zilizopita njia inayofanana.

Uchambuzi unatumia mkabala wa Peter Low, aliyependekeza kwamba tafsiri ya wimbo ipimwe kwa vigezo vitano kwa pamoja: uimbikaji, maana, uasilia wa lugha, mahadhi na vina. Low anaufananisha ufasiri huo na mashindano ya michezo mitano, ambamo mshindi si lazima aongoze katika kila mchezo, bali huhesabiwa kwa jumla ya alama zake. Mfasiri wa wimbo anaruhusiwa kupoteza kidogo katika kigezo kimoja ili apate zaidi katika kingine.

2.0 Kiswahili katika Mwambao wa Rumonge

Rumonge ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayoendelea hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Uchumi wake unategemea uvuvi, mawese na biashara ya ziwani. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Kusini ni Kigoma. Samaki yuleyule anayeitwa mukeke Burundi huitwa mgebuka Kigoma, na dagaa wa Kigoma ni ndagala wa Rumonge. Majina hubadilika, lakini mnunuzi na muuzaji huelewana kwa kuwa lugha ya mnada ni moja.

Kiswahili kilifika katika mwambao huu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyokuwa na kituo Ujiji. Wafanyabiashara wa pwani, akiwemo Mohamed bin Khalfan aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walijaribu kueneza mamlaka yao kaskazini mwa ziwa na wakakabiliwa na ufalme wa Burundi. Utawala wa Wajerumani ulikitumia Kiswahili katika shughuli zake, na hata baada ya Wabelgiji kushika nchi kuanzia mwaka 1916 lugha hiyo iliendelea kuishi mijini na mwambaoni. Mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, pamoja na miji ya Rumonge na Nyanza-Lac, ikawa maskani yake inayojulikana zaidi. Hata hivyo, kwa muda mrefu Kiswahili kilitazamwa nchini Burundi kama lugha ya soko, ya wageni na ya Waislamu wa mjini, si kama lugha ya taifa, kwa kuwa nafasi hiyo ilikuwa na ingali ya Kirundi.

Historia ya karibu iliongeza tabaka jingine. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia mwambao wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, na mauaji yaliyofuata nchini yaliwafanya maelfu ya watu wakimbilie Tanzania. Wengi walikaa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka thelathini. Waliporejea, hasa katika muongo wa kwanza wa karne ya 21, baadhi ya watoto na wajukuu wao walikuwa wakijimudu katika Kiswahili kuliko Kirundi. Wengine walikuta mashamba ya familia zao, yakiwemo ya michikichi, yamekwisha kukaliwa na watu wengine, na migogoro ya ardhi ikawa sehemu ya maisha ya Rumonge. Kwa watu hawa neno mali si dhana ya kamusi. Lina mipaka, lina mashahidi na lina kesi.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika mtaala wa shule za msingi pamoja na Kiingereza. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kinafundishwa na kinazungumzwa, ila hakimo katika orodha hiyo. Ni katika nchi yenye msimamo huo wa kusitasita ambako mwimbaji wa kimataifa aliamua kuimba kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya lugha hiyo kupewa dawati darasani.

3.0 Wimbo na Safari Yake

Stevie Wonder alitoa albamu ya Characters mwaka 1987. Nyimbo zilizobeba jina la albamu hiyo katika redio za Marekani zilikuwa "Skeletons" na "You Will Know", ambazo zote zilifika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa Wamarekani Weusi. "Free" uliwekwa mwishoni mwa santuri. Ni wimbo unaozungumzia uhuru wa nafsi kwa kuufananisha na vitu vya asili, kama vile mto unaotiririka bila kikomo. Kwa mtunzi mwenye hazina kubwa kama yake, wimbo uliofunga albamu isiyohesabiwa miongoni mwa kilele cha kazi zake ulikuwa katika hatari ya kubaki mali ya wapenzi wake wa karibu tu. Kusahaulika, kwa maana inayotumika hapa, hakuna maana ya kupotea kabisa. Kuna maana ya kutotajwa pale jina la mtunzi linapotajwa.

Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959, akaishi Zaire, kisha akahamia Ubelgiji mwaka 1980. Huko alishirikiana na mwanamuziki Nicolas Fiszman, na mwaka 1992 akatoa albamu yake ya kwanza. Ya pili, ya mwaka 1994, aliipa jina la Kiswahili linalosema jambo lenyewe: Ya Pili. Albamu ya tatu, Sambolera, ilitoka mwaka 1996 na kumfikisha kwa wasikilizaji wengi wa Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko. Ndani yake mlikuwa na "Sina Mali, Sina Deni", na jina la wimbo wa Stevie Wonder liliandikwa kando ya anwani hiyo.

Uamuzi huo una mambo mawili yanayostahili kuzingatiwa. Kwanza, mwimbaji aliyekuwa akiishi Ubelgiji na kuuza kazi zake katika soko la Kifaransa angeweza kuuimba wimbo huo kwa Kiingereza chake cha asili, au kuufasiri kwa Kifaransa. Alichagua lugha ambayo wanunuzi wengi wa santuri yake hawakuielewa. Pili, hakuficha chanzo. Wimbo ulitoka ukiwa na majina mawili, la Kiswahili mbele na la Kiingereza nyuma. Matokeo yake ni kwamba wimbo uliokuwa umefunga santuri ya mtunzi maarufu ukawa mmojawapo wa nyimbo zinazomtambulisha mwimbaji wa Kirundi, na katika masikio ya Waswahili wengi ukawa wimbo wa Kiswahili.

4.0 Kutoka Neno Moja hadi Hali Mbili

4.1 Tatizo la "huru"

Anwani ya Kiingereza ni neno moja la silabi moja, lenye maana ya "huru". Ni silabi inayoishia kwa irabu ndefu inayokaribia sana i ya Kiswahili, na mwimbaji anaweza kuivuta kadiri ya pumzi yake. Kisawe cha moja kwa moja katika Kiswahili ni huru, neno lenye asili ya Kiarabu. Lakini huru haliwezi kusimama peke yake na kumaanisha kwamba msemaji ndiye aliye huru. Linadai nafsi: "mimi ni huru" au "niko huru". Aidha, tangu miaka ya harakati za ukombozi neno uhuru limebeba bendera, tarehe na sherehe. Mtu akiimba "niko huru" katika Afrika Mashariki, sikio la kwanza husikia siasa kabla ya nafsi.

Mfasiri aliyeng'ang'ania neno angepata alama za maana na kupoteza za uimbikaji na za uasilia wa lugha. Khadja Nin aliliacha neno akaishika hali. Badala ya kusema msemaji ni nani, anwani yake inasema msemaji hana nini. Uhuru hautajwi, unaachiwa msikilizaji aukisie.

4.2 Mizani na sauti

Anwani ya Kiswahili ina silabi nane: si-na-ma-li, si-na-de-ni. Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili, hesabu hiyo si ngeni. Mizani nane ndiyo urefu wa mshororo wa utenzi, na ndiyo kipande kimoja cha mshororo wa shairi la mizani kumi na sita. Inagawanyika katika nusu mbili zilizo sawa, kila moja ikiwa na mizani minne, na mkazo wa Kiswahili unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho unazipa nusu hizo pigo linalofanana: ma katika mali, de katika deni. Hata kabla ya muziki kuanza, maneno yenyewe yana mwendo.

Upande wa vina, mali na deni hazina kina kamili kwa vigezo vya kimapokeo, kwa kuwa silabi za mwisho ni li na ni. Hata hivyo zinashirikiana irabu. Irabu hiyo ni i, ileile inayofunga neno la Kiingereza. Kisawe huru kingefunga kwa u, na sauti ya wimbo ingebadilika pale inapopaswa kupanda na kubaki juu. Iwe ni kwa makusudi au kwa sikio la mwimbaji mzoefu, tafsiri imehifadhi sauti ya neno ambalo imeliacha. Katika mashindano ya Low, hapa alama zimepatikana katika uimbikaji, mahadhi na nusu ya vina kwa mpigo mmoja.

4.3 Sarufi ya kutokuwa na kitu

Kiswahili hakina kitenzi cha kumiliki kama kilivyo katika lugha nyingi za Ulaya. Kumiliki ni "kuwa na", yaani kuwa pamoja na kitu. Kwa hiyo sina, kwa muundo wake, ni "mimi si pamoja na". Ukanushi huo unaondoa kitu na unaondoa pia uandamani. Mali na deni zinaonekana kama wenzi wawili wa safari ambao msemaji ameachana nao.

Kwa mzungumzaji wa Kirundi, muundo huo una mlango ulio wazi. Kirundi nacho hukanusha nafsi ya kwanza umoja kwa kiambishi si-, kama katika sinzi, yaani "sijui". Neno deni nalo limo katika Kirundi kwa umbo la ideni, na wingi wake ni amadeni, kama vile amahera, neno la Kirundi la fedha, linavyokumbusha hela ya enzi za Wajerumani iliyoenezwa na Kiswahili. Mkulima wa milimani asiyejua Kiswahili vizuri anaweza kuukamata ukanushi na deni kwa kusikia mara moja. Wimbo wa Kiswahili unaingia Kirundi ukiwa umeshabeba nusu ya funguo za nyumba.

4.4 Mali na deni katika lugha ya ziwa

Kigezo kilichobaki ni maana, na hapo ndipo mwambao wa Rumonge unapotoa mwanga. Mali na deni ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyosafiri na biashara. Katika lugha ya wachuuzi hayatengani sana. Mali kauli ni bidhaa inayochukuliwa kwa ahadi na kulipwa baada ya kuuzwa. Mwenye nayo mkononi ana mali na ana deni kwa wakati mmoja. Uvuvi wa ndagala hufanywa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi uvuvi huo hulala kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti samaki kama usiku wa giza. Mafuta, nyavu na chakula cha nyumbani haviisubiri giza irudi. Katika uchumi wa namna hii, kukua kwa mali mara nyingi ni kukua kwa deni. Kiswahili chenyewe kimeliweka jambo hilo katika methali: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa sababu hiyo, nusu ya kwanza ya anwani haiwezi kufahamika bila ya pili. "Sina mali" ikiachwa peke yake ni kilio. Ni maneno ya mtu anayeomba, au anayeeleza kwa nini hakualikwa. Inapofuatwa na "sina deni", kilio kinageuka kuwa daftari lililofungwa: upande wa mapato hauna kitu, upande wa madai hauna kitu, na hakuna wa kubisha hodi usiku. Uhuru uliotajwa kwa neno moja katika Kiingereza umeelezwa hapa kwa lugha ya hesabu, ambayo ndiyo lugha iliyokileta Kiswahili ziwani.

Ni lazima, hata hivyo, kujihadhari na usomaji unaoupamba umaskini. Kwa mrejeaji wa Rumonge aliyekuta shamba la babu yake lina mwenyewe mwingine, "sina mali" si chaguo wala si falsafa. Huenda pia nusu ya pili si kweli kwake, kwa kuwa kujenga upya maisha huanza na kukopa. Wimbo haudai kwamba maskini wote wako huru. Unachora mahali ambapo mtu angetaka kusimama: pasipo na mtu wa kumdai. Nguvu yake mwambaoni haitokani na kueleza maisha yalivyo, bali na kutaja kwa maneno mepesi jambo ambalo mengi ya maisha hayo hulizuia.

5.0 Ulinganisho: Nani Anamdai Nani?

Wimbo mashuhuri zaidi wa Kiswahili uliopata uhai wa kimataifa kwa uimbaji upya ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, nalo kundi la Boney M. likaurekodi mwaka 1981. Wimbo huo nao unahusu kutokuwa na mali: kijana anampenda binti lakini hana uwezo wa kumwoa. Hapo ukosefu wa mali ni ukuta, si mlango. Nyimbo hizi mbili zinatumia neno lilelile na kulipeleka pande mbili tofauti, na tofauti hiyo inathibitisha hoja ya sehemu iliyotangulia: kinachogeuza maana si mali, bali ni deni lililowekwa kando yake.

Safari zake pia zinatofautiana. "Malaika" ulitoka Kiswahili kwenda duniani ukiwa na maneno yake, na wengi walioupenda hawakuyaelewa. "Sina Mali, Sina Deni" ulitoka duniani kuja Kiswahili ukabadilishwa maneno, na wengi walioupenda hawakujua kwamba ulikuwa na maneno mengine. Katika safari ya kwanza, utunzi wenyewe ukawa na ubishi. Fadhili William aliutambulisha kuwa wake, lakini Adam Salim, mwanamuziki wa kizazi kilichomtangulia, alidai kuutunga Nairobi mwaka 1945, na wengine pia walitajwa. Ubishi huo haujawahi kumalizwa kwa namna inayowaridhisha wote. Methali ya wafanyabiashara inasema mali bila daftari hupotea bila habari. "Malaika" haukupotea, kilichopotea ni daftari.

Burundi ina mfano wake wa aina hiyo, na unauma zaidi. Mwaka 1967 Michel Vuylstèke alirekodi muziki wa Burundi, zikiwemo ngoma, na rekodi hizo zikatolewa Ufaransa na lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mapigo ya ngoma hizo yaliongezewa vyombo vya kisasa na kutolewa kwa jina la "Burundi Black", kazi iliyoingia katika chati ya Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alitumia rekodi ya ngoma za Burundi katika "The Jungle Line", na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mapigo hayo yakawa msingi wa mtindo wa makundi ya Uingereza kama Adam and the Ants. Ngoma za Burundi zikavuma katika vyumba vya vijana wa Ulaya, lakini wapigaji hawakujulikana kwa majina yao. Nchi ilitajwa, watu hawakutajwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hatua iliyotambua mila nzima ingawa haikuweza kuwarudishia wapigaji wa mwaka 1967 majina yao.

Ikilinganishwa na mifano hiyo miwili, kazi ya Khadja Nin ina adabu ya pekee. Mrundi aliyetoka katika nchi ambayo sauti yake ilichukuliwa bila majina alichukua sauti ya mwingine, na akaandika jina la wimbo wa mwenyewe kando ya lake. Anwani inayosema "sina deni" imechapishwa pamoja na ushahidi wa deni lake. Hapo hakuna mgongano. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo ya kwanza katika sanaa ni kutaja.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba "Sina Mali, Sina Deni" ulipata uhai mpya kwa sababu tafsiri yake haikutafuta neno badala ya neno. Ilitafuta hali ambayo Kiswahili kilikuwa tayari na maneno yake, mizani yake na historia yake. Mizani minane ya anwani, ukanushi wa sina, ukaribu wake na Kirundi, na ndoa ya mali na deni katika lugha ya biashara, vyote vilikuwepo kabla ya wimbo. Mwimbaji alivikusanya mahali pamoja, na sauti iliyokuwa pembeni katika lugha moja ikakaa katikati ya nyingine.

Matokeo hayo yana maana mbili kwa mjadala wa Kiswahili nchini Burundi. Kwanza, yanapinga dhana kwamba Kiswahili cha mwambao ni lugha ya soko isiyoweza kubeba mambo ya nafsi. Ni msamiati uleule wa soko, mali na deni, uliobeba wazo la uhuru na kulifanya lieleweke. Mwalimu wa Kiswahili wa Rumonge au Nyanza-Lac anayo hapa nyenzo ya kufundishia ukanushi, mizani, maneno ya mkopo na tafsiri kwa pamoja, kutoka kwa mwimbaji wa nchi yake mwenyewe, na kwa wanafunzi ambao huenda wazazi wao walijifunza lugha hiyo ukimbizini.

Pili, watafiti wa nyimbo, watangazaji wa redio na waandishi wa vitabu vya kiada wanapaswa kuzoea kutaja majina yote mawili, la aliyetunga na la aliyeimba upya. Kufanya hivyo hakupunguzi sifa ya mwimbaji wa pili. Ndiko kunakoionyesha, kwa kuwa msikilizaji anayejua wimbo ulikotoka ndiye anayeweza kupima umbali uliosafirishwa. Afrika Mashariki imedaiwa na imedai katika muziki kwa zaidi ya nusu karne, na madaftari mengi bado yako wazi. Ngoma zilizorekodiwa mwaka 1967 bado zinasikika, na waliozipiga wangali wanasubiri kutajwa.